Breki za Kiti cha Kulia

Ukitaka kuzifikia pedali za ndege ndogo ya zamani aina ya Cherokee, huingii ndani kama abiria. Kwanza unang'oa viti viwili vya mbele, unatandika kanga kuukuu sakafuni, kisha unaingia chali: miguu juu ya kiti cha nyuma, mgongo sakafuni, kichwa chini ya dashibodi. Damu yote inateremkia kichwani. Juu ya pua yako pana msitu wa nyaya, paipu, vyuma na vumbi la zaidi ya nusu karne, na kila ukilegeza nati moja kuna kitu kinakudondokea jichoni. Mwaka huu nimelala mkao huo siku kumi na moja, katika kona ya hanga, banda la ndege, pale kiwanjani kwetu Unguja, ili Maalim, mwalimu wetu wa urubani, apate breki za miguu kwenye kiti cha kulia.

Wengi wameniuliza kwa nini nilijisumbua, na ndege ile imeruka miaka yote hiyo bila breki hizo. Nimewajibu kwa maneno mawili matatu, kwa sababu kiwanjani watu wana haraka. Hapa nataka kujibu kwa nafasi.

Ndege yenyewe ni Piper Cherokee 140 ya mwaka 1967, bawa chini, injini ya Lycoming O-320 ya nguvu farasi 150. Ilizaliwa Vero Beach, Florida, ikaishi Kenya kwa muda mrefu, ikafika kwetu rangi imepauka lakini mbavu nzima. Mlango wake ni mmoja tu, nao uko kulia, kwa hiyo anayekaa kulia ndiye wa mwisho kuingia na wa kwanza kutoka. Rubani hukaa kushoto. Anayefundisha hukaa kulia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya ndege ndogo, naomba nieleze pedali kidogo, maana bila hilo mengine hayatashika. Gari ina breki moja, na ukiikanyaga magurudumu yote yanashika pamoja. Ndege ndogo ina pedali mbili kwa kila kiti cha mbele, na kila pedali ina kazi mbili. Ukiisukuma yote mbele, unageuza usukani wa mkia, na kwenye Cherokee unageuza na gurudumu la pua pia, kwa sababu vimeunganishwa. Ukiikanyaga kwa ncha ya mguu tu, sehemu ya juu inalala mbele na kushika breki ya gurudumu la upande huo peke yake. Mguu wa kushoto una gurudumu la kushoto, wa kulia una la kulia. Ndiyo maana somo la kwanza la Maalim siku zote ni visigino: visigino sakafuni, hasa wakati wa kutua. Mwanafunzi akitua miguu imepanda juu, breki imeshashika kabla matairi hayajagusa lami.

Sasa, Cherokee za mwanzo zilitoka na kitu ambacho ndege nyingi hazina. Chini ya dashibodi, katikati, pana mkono wa chuma kama handibreki ya gari. Ukiuvuta, magurudumu yote mawili yanashika kwa pamoja. Kwenye ndege nyingi za aina hii, handibreki hiyo ndiyo ilikuwa breki kuu, na breki za miguu zilikuwa kitu cha kuagiza kwa pesa ya ziada. Ya kwetu aliyeinunua mwanzo aliagiza breki za miguu upande wa kushoto tu. Kulia pakabaki na pedali za usukani zisizo na breki. Na Piper iliitoa Cherokee 140 mwaka 1964 ikiwa hasa ndege ya kufundishia! Waliona mwalimu ana handibreki karibu na mkono wake, inatosha. Walimu wengi wazuri wamefundisha hivyo maisha yao yote na sitawavunjia heshima.

Lakini mimi niliona kwa macho yangu siku ambayo haikutosha.

Ilikuwa msimu wa kusi, mwaka jana. Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Wete, Pemba, alikuwa kushoto, Maalim kulia. Walikuwa wanatua kwa kuelekea kusini, na upepo ulikuwa unatokea kusini mashariki, yaani mbele yao kwa upande wa kushoto. Watu wa bahari wanajua chombo kilichotia nanga kinavyofanya: tezi, yaani nyuma, inasukumwa, na omo, yaani mbele, inageukia upepo unakotoka. Ndege ikiwa inakimbia ardhini hufanya vivyo hivyo. Upepo unaukamata mkia, pua inataka kwenda kuutafuta upepo. Rubani anaizuia kwa mguu wa upande wa pili.

Magurudumu yaligusa vizuri sana. Kisha mtoto yule aliiona njia inakwenda mbio mbele yake, akaingiwa na haraka ya kupunguza kasi, akakanyaga breki, na mguu wa kushoto ukautangulia wa kulia. Upepo unaivuta pua kushoto, na breki inaivuta kushoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hanga na kitambaa mkononi, nikaiona ndege inaanza kukata kuelekea kwenye nyasi. Maalim alisukuma pedali ya kulia mpaka mwisho, akaachia wenzo wa mafuta, akapeleka mkono chini kuitafuta handibreki. Ilisimama gurudumu la kushoto likiwa nje ya lami. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Tairi la kushoto lilikwanguka upande mmoja mpaka nyuzi zake zikaonekana.

Nilikwenda mbio. Mpwa wangu alikuwa analia kimya kimya. Maalim alishuka, akalizunguka tairi, akalitazama, akaniambia neno ambalo halijanitoka mpaka leo: "Fundi, mkono wangu ulichelewa. Miguu ilikuwa pale pale, lakini haikuwa na kitu cha kukanyaga."

Lifikirie neno hilo. Mwalimu anapotua na mwanafunzi, miguu yake tayari iko kwenye pedali, inasikiliza. Mkono wake wa kushoto uko kwenye wenzo wa mafuta, kwa sababu huenda ikabidi aongeze moto na kuruka tena. Kumwambia avute handibreki ni kumwambia mkono huo huo uache kazi moja ukaanze nyingine, gizani chini ya dashibodi, na wakati huo ndege inakula mita nyingi kwa kila sekunde. Na ukishaivuta, handibreki haichagui upande. Inashika yote mawili. Mguu unachagua.

Nilipowaeleza mafundi wenzangu, hawakukubaliana nami wote, na hoja zao zilikuwa na uzito. Mfumo ule ulikuwa na silinda tatu za breki: moja ya handibreki, mbili za pedali za kushoto. Nikiongeza za kulia zinakuwa tano. Silinda mbili zaidi ni sili zaidi, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, maungio zaidi, mahali zaidi pa kuvuja. Mmoja wao, mtu mzima ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Yakhe, kitu kisichokuwepo hakiharibiki." Ni kweli. Nililala nalo neno hilo siku kadhaa.

Kilichonigeuza ni lori la baba yangu. Baba alikuwa akiendesha lori Pemba, akibeba karafuu kutoka mashambani. Anayeijua Unguja tu hawezi kujua Pemba ilivyo: vilima juu ya vilima, bonde baada ya bonde, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nyuma ya lori alisimama tandiboi, na kazi yake kubwa haikuwa kupakia magunia. Kazi yake ilikuwa kabari, kipande cha gogo la mwembe kilichochongwa. Lori likishindwa na mlima, tandiboi anaruka chini na kuitupia kabari nyuma ya tairi kabla uzito haujaanza kurudi. Baba alikuwa na breki nzuri na aliitunza mwenyewe. Hata hivyo, kila alfajiri kabla ya kuwasha injini alikuwa akitoa kichwa dirishani na kuuliza, "Kabari iko wapi?" Tandiboi akionesha mikono mitupu, lori haliondoki. Baba aliona ni dhuluma kumpa mtu kazi ya kuzuia lori lisirudi kisha ukamnyima cha kulizuilia.

Nikampigia Maalim simu: tunaweka.

Ndege huwezi kuibadilisha kama unavyobadilisha bajaji. Kila kinachofungwa lazima kiwe na mchoro uliokubaliwa na karatasi inayoonesha kilikotoka, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga lazima iridhike. Hapa tulikuwa na bahati kubwa: breki za kulia Piper yenyewe iliziuza, kwa hiyo zimo katika orodha ya vipuri ya kiwanda na michoro yake ipo. Sikubuni chochote. Nilikuwa naikamilisha ndege kwa kitu ambacho mnunuzi wa kwanza angeweza kukiagiza mwaka ule ule ilipotengenezwa. Pedali zenyewe tulizipata kwa watu wanaobomoa ndege za zamani Marekani, zikaja na vyeti vyake baada ya miezi mitatu ya kusubiri. Silinda mbili tulizinunua mpya. Nilivipima vyote: kilo 1.8. Uzito huo mdogo nao lazima uingizwe kwenye hesabu ya mizani ya ndege, kila kitu kwa umbali wake. Kwenye Cherokee umbali hupimwa kuanzia nukta ya kuwaziwa iliyo hewani, inchi 78.4 mbele ya ukingo wa mbele wa bawa. Unazidisha uzito kwa umbali, unajumlisha, unaangalia kama kitovu cha uzito bado kimo ndani ya mipaka. Kilisogea mbele kwa unywele. Nikaandika kwenye kitabu cha ndege.

Kisha nikafungua mfumo wa zamani, na hapo hadithi ikabadilika.

Breki za ndege hii hutumia mafuta mekundu ya madini, yale mafundi wanayoyaita kwa namba yake, 5606. Mafuta ya breki ya gari, DOT 3 na ndugu zake, ni kitu kingine kabisa, na hayo mawili ni maadui. Mpira wa sili za ndege umetengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya madini. Ukiumwagia ya gari unavimba, unalainika, unakwama ndani ya silinda. Nilipoichomoa pistoni ya handibreki, sili yake ilikuwa imevimba kama kunde iliyolala kwenye maji. Mahali fulani katika safari yake ndefu, mtu aliona mafuta yamepungua akaongeza aliyokuwa nayo mkononi.

Nilikaa chini nikaitazama sili ile kwa muda. Maana yake ilikuwa kwamba siku ile ya kusi, handibreki aliyoivuta Maalim ilikuwa nzito na ikishika nusu nusu. Nilipomwonesha alitikisa kichwa: "Nilihisi inagoma, nikadhani ni nguvu zangu." Maalim ana miaka sitini na saba. Na swali likanirudia upya, zito kuliko mwanzo: je, kama handibreki ingekuwa nzima, tungehitaji breki za kulia? Labda siku ile ndege ingesimama ndani ya lami. Sikulikimbia swali hilo. Lakini nililijibu kwa kugeuza upande wa pili. Maalim alikuwa na njia moja tu ya kuisimamisha ndege, na hiyo moja ilikuwa inaugua bila mtu kujua. Angekuwa na ya pili, ugonjwa wa ya kwanza usingemfikisha kwenye nyasi.

Basi kazi ikawa kubwa kuliko nilivyopanga. Nilimwaga mafuta yote, nikasafisha kila paipu, nikabadilisha sili katika silinda zote na katika vishikio vya magurudumuni, nikatupa mipira ya zamani yote. Pedi nilizipima: zikifikia unene wa milimita 2.5 hivi hutupwa, na zetu zilikuwa jirani na hapo, kwa hiyo zikatoka nazo. Diski za breki tuliweka zilizopakwa kromu. Hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye ndege hapa visiwani. Hewa yetu ina chumvi. Diski ya chuma kitupu ukiiacha inalala kwenye umande wa bahari, asubuhi unaikuta imeota kutu, na kutu hiyo inazila pedi kama tupa.

Kwenye paipu mpya nilitaka msaada, nikaenda Mwanakwerekwe kwa fundi wa magari ninayemfahamu tangu skuli. Alinipa kwa moyo mmoja kifaa chake cha kupanua mdomo wa paipu. Nilimshukuru na nikamrudishia. Mdomo wa paipu ya gari hupanuliwa kwa nyuzi 45, wa ndege kwa nyuzi 37. Tofauti hiyo ya nyuzi nane huioni kwa macho ukiwa na haraka. Ukichanganya, nati inaingia, inakaza, mkono unahisi imeshika barabara, lakini chuma na chuma vimegusana kwa mstari mwembamba kama uzi. Siku mtu atakapokanyaga kwa nguvu ndiyo siku patakapofunguka. Tukasubiri kifaa cha nyuzi 37 kutoka Nairobi, wiki nzima, na Maalim hakuniuliza hata mara moja kwa nini tunachelewa.

Sasa niseme jambo ambalo kila anayefundisha kwenye Cherokee anapaswa kulijua. Kwenye Cessna ndogo kama 172, pedali za kulia na za kushoto zimefungwa pamoja kwa vyuma, na zote zinasukuma silinda zile zile mbili. Mwanafunzi akikanyaga breki, mwalimu anaihisi chini ya unyayo wake. Cherokee sivyo. Kila ncha ya pedali ina silinda yake, na mafuta yanapita kwenye silinda moja ili kuifikia nyingine, kisha gurudumu. Pedali ikiachiwa, kitundu kidogo ndani ya silinda kinakuwa wazi na mafuta yanapita huru. Ikikanyagwa, kitundu kinaziba na shinikizo linaanza. Yanatoka hapo mambo mawili. La kwanza, Maalim hataihisi breki ya mwanafunzi kwa miguu. Lazima aisome kwa ndege yenyewe, kwa pua inavyokwenda. La pili, pedali isiporudi mpaka mwisho, hata kwa upana wa kucha, kitundu hakifunguki. Mafuta yanabaki yamefungiwa chini, breki inasugua, inapata moto, mafuta yanatanuka, inashika zaidi. Inaweza kujifunga yenyewe bila mtu kuigusa. Siku nne katika zile kumi na moja nilizitumia kwenye jambo hili tu: springi za kurudisha, pini, urefu wa vijiti vya kusukumia, kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, tochi ikiwa mdomoni.

Halafu kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa breki. Gari wengi hutolea upepo kwa kupampu pedali na kumwaga chini. Kwenye ndege hii nilisukuma mafuta kutokea gurudumuni kwenda juu, kwa sababu povu lina asili ya kupanda, na wewe unapandisha mafuta nyuma yake. Mpwa wangu alikaa chini kwenye gurudumu na pampu ya mkono, mimi nikasimama mbele, kofia ya injini wazi, nikikitazama kikopo cha mafuta ya breki kilichofungwa juu kushoto kwenye ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha rubani.

"Mjomba, mapovu yamekwisha?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mama. Polepole."

Yakaisha. Nikaenda kukanyaga pedali ya kulia, ikazama kama nakanyaga andazi. Hewa imo. Tukarudia, ikawa vile vile. Jioni ile tulifunga hanga tukaenda zetu. Usiku nikiwa nimelala ndipo nikaona kosa: silinda mpya ya kulia ilikuwa imekaa kwa namna ambayo kichwa chake ni mahali pa juu kuliko mdomo wa kutokea, na povu lilikuwa limekaa humo kwa raha zake. Asubuhi nikachomoa pini, nikaigeuza silinda mdomo juu, nikamwambia mtoto asukume. Povu moja kubwa likapanda, likafika kwenye kikopo, likapasuka. Nikarudisha pini. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Kwa kuwa tulizigusa pedali za usukani wa mkia, macho yangu peke yangu hayakutosha. Fundi mwingine mwenye leseni, ambaye hakuhusika na kazi, aliingia mle chini akakagua kila pini na kila nati, akatia saini yake karibu na yangu. Ni yule yule aliyeniambia kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Alitoka na vumbi kwenye ndevu, akasema, "Imekaa sawa." Kwangu hiyo ilikuwa sifa ya kutosha mwaka mzima.

Tulipoiinua kwenye jeki, kila gurudumu lilizunguka huru. Maalim akikanyaga kulia, la kulia linasimama. Akiachia, linazunguka. Kushoto, hivyo hivyo. Tukafanya mara hamsini, nikihesabu kwa sauti.

Usiku wa kwanza nilitandika karatasi nyeupe chini ya kila silinda. Uzuri wa mafuta mekundu ni kwamba hayafichi. Asubuhi karatasi ya kulia ilikuwa na doa dogo kama punje ya mtama. Nikafungua ungio, nikakuta mkwaruzo mdogo kwenye mdomo wa paipu, nikaikata na kuitengeneza upya.

Bado pana suala la abiria, na hili ndilo watu wa kawaida huniuliza zaidi. Kiti cha kulia si cha Maalim peke yake. Sisi watu wa visiwa tumezoea kukaa karibu na rubani. Kwenye ndege za Caravan za kwenda Pemba, aliyebahatika kupangiwa kiti kile cha mbele hufika nyumbani na habari za wiki nzima. Babu yangu alikuwa akisimulia ndege za Dragon Rapide za East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946, na kila mara alisema puani mwa ndege ile mlikuwa na nafasi ya rubani mmoja tu, kama korosho ndani ya ganda lake. Hapo hapakuwa na wa kumkanyagia rubani pedali. Kwetu yupo. Abiria akiogopa wakati wa kutua, miguu yake hujikaza yenyewe, na sasa inapojikaza panaweza kuwa na breki chini yake. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kuvuja. Tulibandika kibao kidogo mbele ya kiti: MIGUU NYUMA. Na Maalim amejiwekea sharti: kabla ya kuwasha injini, abiria wa mbele anarudisha kiti nyuma mpaka mwisho, anakunja miguu, kanga au baibui haining'inii karibu na pedali, na mfuko haukai mbele hata ukiwa na nini. Asiyekubali anakaa nyuma. Naona ni sawa kabisa, na ningependa kuliona sharti hilo kwenye kila ndege ndogo, yenye breki za kulia na isiyokuwa nazo.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa Pemba. Mpwa wangu kushoto, Maalim kulia, mimi nyuma. Bahari kati ya visiwa ilikuwa na ule weusi wa kina kirefu, kisha Pemba ikajitokeza na mikoko yake na vilima vyake, na nikajikuta natafuta kwa macho barabara alizopita baba. Kiwanja cha Pemba ni kifupi kuliko cha Unguja, na kusi lilikuwa limeamka. Mtoto aliileta chini vizuri, bawa moja limeinama kidogo upande wa upepo, visigino sakafuni. Matairi yakalia. Pua ikaanza kutafuta kushoto, kidogo tu. Nikaona goti la kulia la Maalim linasogea, si zaidi ya upana wa vidole viwili. Mikono yake haikuondoka ilipokuwa. Pua ikarudi kwenye mstari.

Tulipokwisha egesha, mpwa wangu alizima injini, akakaa kimya, kisha akamgeukia.

"Maalim, ulinigusia?"

"Kidogo. Mwisho ulikuwa wako mwenyewe."

Dada yangu alikuwa anatusubiri nje na chano cha halua. Kabla ya kumwendea nilirudi ndani ya ndege, nikalala chali, nikaingiza kichwa chini ya dashibodi na kuiangalia karatasi niliyokuwa nimeibandika asubuhi chini ya silinda ya kulia. Ilikuwa kavu. Niliiacha pale pale, kwa ajili ya safari ya kurudi.